Ngome ya Dumbarton na mji wake vitani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wageni wengi wakifika Uskoti huenda Edinburgh, hupiga picha zao mbele ya ngome ya kule, kisha hurudi makwao. Dumbarton hupitwa kwa treni. Ukurasa huu ni wa yule aliyeuona ule mwamba dirishani akajiuliza: kile ni kitu gani? Majibu mengine ni marefu na mengine ni ya mstari mmoja, maana mwamba wenyewe umekaa miaka mia kwa mia bila kishindo, na miaka mingine haukupata usingizi.

Dumbarton iko wapi?

Magharibi ya Uskoti, kiasi cha nusu saa kwa treni kutoka Glasgow. Mto Leven hushuka kutoka ziwa la Loch Lomond, hupita mjini, kisha humwaga maji yake katika mto Clyde. Pale mito miwili inapokutana umesimama mwamba wa volkano ya zamani sana, una urefu wa mita 73 hivi, umechomoza peke yake ukingoni kama gego. Una vilele viwili na ufa katikati. Kuta za ngome ziko chini ya mwamba, ndani ya ufa na juu ya vilele. Mji uko nyuma yake, kando ya Leven.

Kwa nini mnaiita ngome na si kasri?

Kasri ni nyumba ya mfalme: mazulia, wapishi, bustani. Wafalme na malkia walilala Dumbarton, ila karibu kila mara walikuwa wakimkimbia mtu. Ngome ndilo neno lake.

Jina lenyewe maana yake nini?

Linatokana na maneno ya Kigaeli, Dùn Breatann, yaani boma la Wabritoni. Hao walikuwa wenyeji wa bonde la Clyde kabla ya Kigaeli na Kiingereza kufika huko, na lugha yao ilikuwa ndugu ya Kiwelisi cha leo. Wenyewe hawakupaita hivyo. Waliita Alt Clut, mwamba wa Clyde. Kwa hiyo jina tunalotumia sasa walipewa na majirani, tena majirani waliokuja kuwameza.

Kwa nini watu wagombee jiwe moja miaka yote hiyo?

Kwa sababu ya maji. Zamani mto Clyde ulikuwa na kina kifupi kuanzia hapo kwenda juu. Dumbuck, karibu tu na mwamba, watu walivuka kwa miguu maji yakipwa. Merikebu kubwa haikuweza kufika Glasgow mpaka mto ulipochimbwa, kazi iliyoanza karne ya 18. Mwenye mwamba, basi, alishika mlango wa bahari wa Uskoti ya magharibi: anayetoka Ayalandi, anayetoka visiwani na anayetoka Ufaransa, wote alikuwa akiwaona wakiingia. Kumbuka pia kwamba visiwa vya magharibi vilikuwa mali ya mfalme wa Norwei hadi 1266. Ndiyo maana mwaka 1222 Mfalme Alexander II aliupa mji hadhi ya mji wa kifalme na kuijali ngome: mpaka wa ufalme wake haukuwa mbali na hapo.

Maji hayohayo ndiyo yaliyoleta adui. Ukisoma majibu yanayofuata utaona mlango huo ukifunguliwa kwa pande zote mbili.

Waviking waliitekaje mwaka 870?

Kwa subira. Watu wakisikia Waviking hufikiria shambulio la asubuhi moja: ngalawa, shoka, moto, kwaheri. Hapa haikuwa hivyo. Olaf na Ivar, wafalme wa Waviking waliokuwa na makao yao Dublin, walikuja na merikebu zao wakauzunguka mwamba kwa miezi minne. Kumbukumbu za Ayalandi ndizo zinazotupa muda huo, na kwa zama zile ulikuwa muda wa ajabu. Jeshi la kuvamia halikukaa mahali pamoja miezi minne, lilikula likahama.

Juu ya mwamba kuta hazikuwa shida. Shida ilikuwa kiu. Masimulizi ya Kiayalandi yanasema kisima cha ndani kilikauka, na watu waliotazama mito miwili ikitiririka chini ya miguu yao wakakosa tone la kunywa. Waswahili husema adui mwombee njaa. Hawa walimwombea kiu, wakajibiwa upesi zaidi.

Mwaka uliofuata, 871, Olaf na Ivar walirudi Dublin na merikebu 200, wakiwa na mateka wengi wa makabila ya Britania ya zama zile: Waanglia, Wabritoni na Wapikti. Dublin ilikuwa soko la watumwa. Wengi wa waliobebwa huenda hawakuuona Clyde tena, na majina yao hayakuandikwa popote. La mfalme wao liliandikwa: Arthgal, aliyeuawa 872 kwa shauri la Constantine, mfalme wa jirani zake. Makao ya ufalme yakahamia juu ya mto, sehemu za Govan, ambako leo ni mtaa wa Glasgow. Mwamba haukurudi kuwa kiti cha mfalme.

Ni kweli William Wallace alifungwa humo?

Sir John Menteith, liwali wa ngome ya Dumbarton, ndiye aliyemkamata Wallace, shujaa wa Uskoti aliyepigana na Waingereza, karibu na Glasgow mwaka 1305 na kumkabidhi kwa Waingereza. Hilo ni hakika. Kwamba alilala usiku mmoja ngomeni kabla ya kupelekwa London ni jambo linalowezekana, na ndivyo wenyeji wanavyosimulia. Aliuawa London tarehe 23 Agosti mwaka huo. Jina la Menteith limebaki kuwa tusi Uskoti.

Mons Meg alifika Dumbarton?

Ndiyo. Mons Meg ni ule mzinga mkubwa unaoonekana leo katika ngome ya Edinburgh, uzito wake zaidi ya tani 6, risasi yake ni jiwe la kilo 150 hivi. Mwaka 1489 Mfalme James IV, kijana aliyekuwa ameketi kwenye kiti mwaka mmoja tu, alikokota mizinga yake kwenda kuwatoa waasi wa ukoo wa Lennox waliojifungia Dumbarton. Ilimbidi aizingire ngome mara mbili mwaka huo huo kabla haijasalimu. Baadaye aligeuza mkono: akaifanya Dumbarton kuwa bandari ya manowari zake alipokwenda kuwatiisha machifu wa visiwani.

Malkia Mary alikuwa anafanya nini hapo akiwa mtoto?

Alikuwa amefichwa. Mary alizaliwa Desemba 1542 na akawa malkia wa Uskoti akiwa na umri wa siku sita, baba yake alipofariki. Henry VIII wa Uingereza alimtaka awe mke wa mwanawe, Edward. Uskoti ikakataa, na Waingereza wakaleta posa kwa moto: wakachoma miji na mashamba mwaka baada ya mwaka. Septemba 1547 jeshi la Uskoti lilivunjwa vibaya katika vita vya Pinkie, karibu na Edinburgh. Mashariki hapakuwa tena mahali pa kumweka mtoto.

Februari 1548, akiwa na miaka mitano, aliletwa Dumbarton, upande wa nchi ambao Waingereza hawakuufikia kwa urahisi. Wafaransa walikubali kumpokea ili aje kuolewa na mrithi wao. Merikebu zao hazikupita njia fupi. Zilizunguka kaskazini mwa Uskoti yote ili kuwakwepa Waingereza, zikaingia Clyde. Mtoto alipandishwa mwishoni mwa Julai, upepo ukakataa, wakasubiri ndani ya merikebu siku kadhaa. Waling'oa nanga tarehe 7 Agosti. Alikuwa na wasichana wanne wa rika lake, na wote wanne waliitwa Mary, jambo ambalo lazima liliwachosha wayaya.

Miaka 20 baadaye aliutafuta tena mwamba huo. Mei 1568 alitoroka kifungo na alikuwa njiani kwenda Dumbarton wakati wapinzani wake walipomshinda Langside, kusini kidogo mwa Glasgow. Akageukia kusini, akavuka hadi Uingereza kuomba msaada kwa binamu yake Elizabeth. Alikaa kifungoni miaka 19, akakatwa kichwa 1587. Kama angefika mwambani siku ile angekuwa na bandari iliyotazama Ufaransa.

Ni nani aliyepanda mwamba kwa ngazi usiku?

Thomas Crawford wa Jordanhill, mmoja wa wapinzani wa Malkia Mary, usiku wa kuamkia tarehe 2 Aprili 1571. Katika habari zote za ngome hii, hii ndiyo ninayoipenda, kwa hiyo nivumilie.

Lord Fleming alikuwa bado ameishikilia Dumbarton kwa jina la Malkia Mary, ingawa malkia mwenyewe alikuwa mfungwa. Chakula na habari vilimfikia kwa maji kutoka Ufaransa. Kumzingira kungechukua mwaka. Crawford alipata mtu aliyewahi kutumikia ndani ya ngome na aliyejua kila jiwe. Akachukua watu mia hivi, ngazi na kamba, wakatoka Glasgow giza lilipoingia.

Hawakuchagua upande ulio rahisi, kwa sababu huko kulikuwa na walinzi. Walichagua upande wa kilele kirefu zaidi, ambako hata Fleming hakuona haja ya kuweka watu wengi. Ukungu uliufunika mwamba. Ngazi ya kwanza iliteleza ikarudi chini na watu wake. Wakaisimamisha tena, wakafika kwenye ukingo mwembamba ulioota mti mmoja, wakafunga kamba kwenye mizizi na kuvuta wenzao. Kutoka hapo ilibaki ngazi ya pili hadi ukutani.

Katikati ya ngazi hiyo mtu mmoja alishikwa na kifafa. Akaing'ang'ania ngazi, hapandi wala hashuki, na asubuhi inakaribia. Kumsukuma kungekuwa kumuua, tena kwa kelele. Crawford akaamuru afungwe palepale kwa kamba, ngazi igeuzwe, yeye abaki upande wa chini na wengine wapande juu ya tumbo lake. Wakapita wote.

Juu walikutana na walinzi watatu tu. Baada ya muda mfupi mizinga ya ngome ilikuwa imegeuzwa kuwatazama wenyewe. Hakuna mshambuliaji hata mmoja aliyekufa. Fleming aliteremka kwa ufa wa mwamba, akaingia kwenye mashua ndogo na kutoweka, maji yalimwokoa. Askofu mkuu John Hamilton, aliyekuwa ndani, hakuwahi mashua. Alinyongwa Stirling siku chache baadaye.

Je, yule mwenye kifafa? Habari zinaishia kwenye ngazi. Nimemfikiria kuliko ninavyomfikiria Crawford.

Baada ya hapo ngome ilifanya nini?

Zaidi ilikuwa jela na ghala la silaha. Morton, aliyekuwa ametawala Uskoti kwa niaba ya mfalme mtoto, mwana wa Mary, alifungwa humo 1581 kabla ya kuuawa. Mwaka 1639 wapinzani wa Mfalme Charles I waliipata Jumapili moja kwa hila rahisi mno: walimkamata mkuu wa ngome akitoka kanisani. Mwaka 1652 ilisalimu kwa majeshi ya Cromwell. Karne ya 18 ikaongezewa nyumba ya liwali na safu mpya za mizinga, ambazo ndizo unazoziona leo ukifika getini; ngome za zama za kati zimebaki kidogo sana, hasa tao la lango ndani ya ufa. Wafungwa wa uasi wa 1745 na 1746 dhidi ya mfalme wa Uingereza walipitia hapo, kisha Wafaransa wa vita vya Napoleon.

Mji ulipataje nguvu yake ya kisasa?

Kwa meli. Kando ya Leven, chini ya mwamba, palikuwa na viwanda vya kuunda meli, na kikubwa kilikuwa William Denny and Brothers. Mwaka 1883 walijenga hodhi refu la ndani la kujaribia mifano ya meli, la kwanza duniani kumilikiwa na kampuni ya biashara. Lipo mpaka leo kama makumbusho. Meli ya Cutty Sark ya 1869, ile iliyoko London, iliundwa Dumbarton pia, na Denny ndiye aliyeimalizia baada ya waundaji wake kufilisika.

Meli za Denny zilikwenda vitani?

Nyingi. Moja itoshe: The Queen, ya 1903, meli ya kwanza ya abiria ya mlango bahari wa Uingereza kuendeshwa kwa tabo (turbini) za mvuke. Oktoba 1914 iliikaribia meli ya Kifaransa Amiral Ganteaume, iliyojaa wakimbizi na iliyokuwa imepigwa, ikaegemea ubavuni mwake kwenye mawimbi na kuwachukua watu zaidi ya elfu mbili. Miaka miwili baadaye, usiku wa Oktoba 1916, manowari za Kijerumani ziliizamisha.

Ndege za Sunderland zilitengenezwa Dumbarton kweli?

Kweli, 250. Kabla ya Vita vya Pili serikali ilitaka viwanda vya ndege vitawanywe ili bomu moja lisiue vyote. Kampuni ya Blackburn ikajenga kiwanda chini ya ngome, jirani na Denny, na ikapewa kuunda Sunderland, ndege iliyobuniwa na Short Brothers wa kusini mwa Uingereza.

Sunderland ilikuwa mashua yenye mabawa. Haikuhitaji uwanja, iliteleza majini, ikapaa, ikarudi kutua majini. Injini nne, mabawa mita 34 kutoka ncha hadi ncha, jiko na vitanda ndani, maana ilikaa angani saa 13 ikitafuta nyambizi za Kijerumani zilizowinda misafara ya meli za chakula. Kwa kuwa bunduki zilichomoza kila upande, waliiita nungunungu arukaye.

Ukitazama kwa macho ya fundi, mahali hapa palikuwa pamechaguliwa vyema. Mji ulikuwa na watu waliozoea bati na riveti. Mto ulikuwa mlangoni. Wanawake waliingia kiwandani kwa mamia kuchukua kazi ambazo kabla ya vita zisingetajwa mbele yao. Ndege iliyokamilika ilisukumwa kwenye chelezo, ikaingia Clyde pale pale ambapo Olaf na Ivar waliegesha merikebu zao. Vita vilipokwisha kiwanda kiligeukia nyumba za alumini za kuunganisha, kwa watu ambao mabomu yaliwaacha bila paa.

Mabomu yaliupata mji?

Yaliupata, lakini machache kuliko yaliyokusudiwa, na sababu yake iko milimani.

Usiku wa tarehe 13 na 14 Machi 1941 ndege za Kijerumani zilipiga Clydebank, mji jirani upande wa Glasgow. Nyumba zilikuwa 12,000 hivi. Zilizobaki bila dosari ni saba. Watu 528 walikufa Clydebank peke yake, na kote kandokando ya Clyde idadi ilifika 1,200 hivi. Maelfu waliokosa makazi walisambazwa, wengine wakapita Dumbarton na blanketi mabegani.

Mapema Mei marubani walirudi. Hapo ndipo ujanja ulipofanya kazi. Juu ya Dumbarton, kwenye nyika ya Auchenreoch, kulikuwa kumeandaliwa mji wa uongo: taa hafifu zilizoonekana kama reli na viwanda visivyofunikwa vizuri, na matangi ya mafuta, kuni na makaa yaliyowashwa kwa umeme kutoka handaki la mbali. Kanuni ilikuwa kuwahi. Ndege za kwanza zikishaangusha, moto wa kweli mjini uzimwe haraka, na wa uongo milimani uwake mkubwa, ili ndege zinazofuata zidhani hapo ndipo. Walidhani hivyo. Mabomu mengi yakachimba nyika tupu, na mashimo yake bado yapo, yamejaa maji, kondoo wanayazunguka.

Si yote yaliyopotea njia. Nyumba zilibomoka mjini na watu walikufa. Greenock, ng'ambo ya Clyde, ilipigwa vibaya zaidi usiku uleule na uliofuata. Lakini kiwanda cha ndege kiliendelea, na kwa kipimo cha wakati ule huo ulikuwa ushindi. Ngome nayo ilirudishiwa askari, utumishi wake wa mwisho.

Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo, kwa njia mbili, zote za majini.

Ya kwanza ni Dar es Salaam. Mwaka 1943 kikosi namba 230 cha jeshi la anga la Uingereza, kilichotumia Sunderland, kilikuwa na kituo Dar es Salaam, kikilinda njia za meli za Bahari ya Hindi. Mwaka uliofuata kilihamia Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na Juni 1944 ndege zake zilitua katika ziwa la Indawgyi ndani ya Bama, ambayo leo ni Myanmar, nyuma ya mistari ya Wajapani, zikatoa majeruhi kwa mamia wakati wa masika.

Ya pili ni Bama yenyewe. Kampuni ya Irrawaddy Flotilla iliendesha meli za mto nchini humo, na Denny aliiundia nyingi sana; zilisafirishwa vipandevipande kutoka Dumbarton na kuunganishwa huko. Wajapani walipoingia 1942, meli chache za kampuni ziliwapandisha askari waliorudi nyuma kwa mto Chindwin hadi Kalewa. Kisha wenye meli wakazamisha zao kwa mikono yao, kwa mamia, adui asizitumie. Desemba 1944 askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa Kenya, Tanganyika, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, walioshuka bonde la Kabaw kwenye tope na malaria, ndio walioiteka Kalewa. Mzee wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki) aliyekuwa akisimulia habari za Bama pengine hakuwahi kulisikia jina la Dumbarton, lakini alivuka mto uliolala vyuma vyake.

Kuna nini cha kuona leo?

Ngazi 557 hadi kilele cha juu. Vaa viatu vizuri, na siku ya upepo shika kofia. Ngome inatunzwa na Historic Environment Scotland, na kituo cha treni cha karibu ni Dumbarton East. Ukifika juu, upande mmoja utaona Clyde ikipanuka kwenda baharini, upande mwingine Leven na milima ya Loch Lomond. Denny ilifungwa 1963. Chini kabisa ya mwamba, kwenye ardhi iliyokuwa ya kiwanda chake, utaona uwanja wa timu ya mpira ya Dumbarton, jukwaa moja tu, na ukibahatika kuwa Jumamosi utasikia kelele za goli zikigonga mwamba na kurudi.